Mshipa wa Barão

Farasi hakufa siku ile alipopiga magoti ufukweni, na hilo ndilo lililoharibu mambo yote. Angekufa palepale, watu wa Quitunda wangesikitika, wangemsimulia wiki nzima, kisha wangemsahau. Lakini Barão aliinuka. Alijikung'uta mchanga, akakohoa, akasimama anatweta huku jasho linamchuruzika shingoni asubuhi ya baridi, halafu akaanza kutafuta majani kana kwamba hakuna lililotokea. Aliyekuwa karibu naye ni Abdurrazaque tu, mtunzaji wake. Alipomwekea mkono kifuani kumtuliza, alihisi kitu kinamgonga kiganja kwa nguvu asiyoizoea, akautoa mkono upesi.

Farasi si mnyama wa huku. Barão aliletwa na Mreno mmoja, senhor Jerónimo, aliyekuwa na hoteli ya ufukweni, watalii wapate kupanda na kupigwa picha. Vita vilipofika, Mreno alikimbia, watalii wakakimbia, Abdurrazaque naye akakimbia, na katika kukimbia huko akaanguka kutoka juu ya lori akaumia nyonga. Aliporudi alimkuta farasi kwenye mahame ya mashamba, mweusi, mbavu nje, anamtazama kama mtu anayeuliza ulikuwa wapi. Tangu hapo hawakuachana. Popote Abdurrazaque alipokwenda akichechemea, Barão alimfuata nyuma bila kamba, na watoto wa Quitunda waliwafuata wote wawili.

Wiki ile ya kupiga magoti, dotora Olívia, daktari wa mifugo, alikuwa Palma akichanja mbwa. Alikuwa mwanamke wa bara, wa Mueda, asiyependa maneno mengi. Alikuja, akaweka kipimo chake cha kusikilizia nyuma ya kiwiko cha farasi, kushoto, kisha kulia, akakaa hapo muda mrefu mpaka Abdurrazaque akaanza kuhema kwa wasiwasi. Halafu akavua vile vya masikioni akampa.

Abdurrazaque alitegemea kusikia dundo. Alisikia maji. Mvumo mrefu usiokatika, na dundo likipita ndani yake.

"Moyo mzima hupiga, ukanyamaza, ukapiga," dotora alisema. "Huu haunyamazi."

"Ana nini?"

"Mshipa mkubwa unaotoka moyoni, ule unaopeleka damu mwili mzima, umevimba pale unapoanzia. Umewahi kuona tairi la baiskeli lililochanika, tyubu ikatokeza nje? Ndivyo ulivyo. Umekuwa mwembamba, na nadhani umeshaanza kuvuja kwa ndani."

"Dawa yake, dotora?"

"Haipo. Si hapa, si Maputo."

"Kwa hiyo atakufa lini?"

Dotora alianza kukunja vyombo vyake. "Hapo ndipo pabaya, mzee. Anaweza kufa kabla sijafunga begi hili. Anaweza kula majani mpaka mwakani. Lakini akikimbia, akishtuka, akisikia kelele za kumtia kiwewe, damu inasukuma pale palipo pembamba. Pakipasuka, hana hata nafasi ya kuyumba. Anaanguka, na aliye juu yake anakuwa chini yake. Asipandwe. Na mtu yeyote. Ukitaka, nampa sindano sasa hivi alale asiamke."

Abdurrazaque alimtazama Barão, ambaye wakati huo alikuwa anamlamba dotora begi. Akasema, "Niachie." Dotora hakumlazimisha. Alimwonyesha tu pa kuweka vidole, chini ya taya, kwenye mshipa unaopita juu ya mfupa. Ukigonga kwa nguvu kisha ukadondoka ghafla, ukagonga tena, ukadondoka, ujue mambo yamekaribia.

Sasa, kama lingekuwa la farasi peke yake, Abdurrazaque angelia na farasi wake wakayamaliza. Lakini ndani ya nyumba ya unyago, ukingoni mwa kijiji, alikuwamo Atija, binti wa dada yake Dalila. Jumamosi alikuwa anatoka. Na kwa ukoo wao mwali akitoka hubebwa begani na mjomba wake mpaka kizingitini kwa mama yake, nyayo zake zisiguse ardhi njiani, na mdomo wake usitoe neno mpaka atunzwe zawadi. Mjomba ni Abdurrazaque. Nyonga yake isingebeba hata gunia la mihogo. Ndipo yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, miezi iliyopita, mbele ya watu, alipojitapa kwamba mwali wake atatoka juu ya farasi, jambo ambalo halijapata kuonekana toka Mucojo hadi Ruvuma. Wanawake walipiga vigelegele siku hiyo. Alijiona mtu.

Usiku ule baada ya dotora kuondoka hakulala, na kesho yake pia. Kila alipofumba macho aliona mgongo mweusi wa Barão na kitoto kilichofunikwa kanga juu yake, na chini ya vyote viwili mshipa unavuma. Akajipa moyo kwa njia aliyoijua. Alimwendea mwalimu Suleimane, mwalimu akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani, akaziosha, kombe likamiminwa kwenye ndoo ya Barão, naye akalinywa lote. Mwalimu alikuwa mtu mkweli. "Nimemwombea," alisema. "Lakini aliyokwambia daktari usiyaache."

Haikupita muda kikohozi kikakata. Manyoya yakang'aa. Barão akawa anatembea huku amenyanyua kichwa, mzuri kupita alivyokuwa siku zote. Na kila mwanamke aliyepita zizini alisema, alhamdulillahi, kombe limefanya kazi.

Abdurrazaque alikwenda kwa dada yake akiwa na maneno aliyoyapanga njia nzima. Dalila alikuwa barazani mwa nyumba yake ya bloku anapepeta mchele wa sherehe. Alisikiliza bila kuinua uso, mpaka mwisho.

"Amekohoa leo?" aliuliza.

"Hajakohoa."

"Jana?"

"Jana hakukohoa. Lakini dada, si kikohozi, ni mshipa. Nimeusikia kwa masikio yangu. Kuna maji yanavuma mle."

"Kaka, hata tumbo langu linavuma." Aliuweka ungo chini. "Unaogopa. Toka ile siku ya lori umekuwa mtu wa kuogopa. Pikipiki ikipiga mlio unajificha. Mimi sikucheki, wote tuko hivyo. Ila usimletee mwanangu woga wako."

"Naogopa, ndiyo. Namwogopea Atija."

Hapo Dalila akasimama, na sauti yake ikabadilika. "Muanacha, dada yake, alitoka kwa miguu yake. Unakumbuka? Unyago ulikatishwa, tukatoka tunakimbia, mwanangu mwali anakanyaga miiba na matope kama mtu aliyefukuzwa. Hakuna aliyembeba. Na kule kambini kipindupindu kilichagua nani? Katika watoto wote wale, kilichagua nani, kaka?"

Abdurrazaque alikumbuka. Alikuwako. Alikuwa amelala kwenye mkeka na nyonga yake, anasikia watu wanakwenda kumzika.

"Huyu hatakanyaga," Dalila alisema. "Nimeapa."

"Basi nitamleta Amade." Amade alikuwa mtoto wa mama yao mdogo, kijana mwenye mabega, anayelima Pundanhar. Naye ni mjomba. "Amade atambeba. Hatakanyaga."

Dalila alirudi kwenye ungo wake. "Fanya unavyojua," alisema, na Abdurrazaque, kwa kuwa alitaka sana iwe hivyo, akadhani amekubaliwa.

Jumamosi alimfunga Barão zizini, kivulini, akamwekea majani na maji, akaenda kusimama barabara ya Pundanhar kumsubiri Amade. Lori lilikuja limechelewa, limejaa matope mpaka vioo. Akazunguka lote, akachungulia kila uso. Amade hakuwamo. Dereva alisema njia imefungwa na askari nyuma yao, waliobaki kule watalala kule, haijulikani wamesikia nini porini. Abiria walikuwa wameshaanza kuangaliana kwa yale macho ya mwaka ule wa vita. Abdurrazaque akaliacha lori. Akajiambia, basi nitambeba mimi, nikivunjika nivunjike. Na hapohapo, kutoka upande wa kijiji, akausikia msondo.

Ngoma ya unyago haipigwi mpaka mwali awe ametoka nje. Na mwali hatoki nje mpaka awepo wa kumbeba.

Alikimbia. Mtu mwenye nyonga ile hakimbii, lakini alikimbia, anavuta mguu, mate yamemkauka. Alipita zizini. Kamba ilikuwa inaning'inia. Alipotokea kwenye njia kuu kati ya nyumba, aliwaona.

Walikuwa wanakuja kwa wingi, wanawake wa kijiji kizima, kanga sare, vumbi mpaka magotini, msondo katikati, vigelegele vinapanda na kushuka. Mbele Bi Anchia, kungwi, bibi kizee mwenye usinga mkononi. Nyuma yake Dalila, ameshika hatamu. Na juu ya Barão, amefunikwa kanga kichwa hadi kifundoni, kimya kama mzigo, Atija.

Abdurrazaque alifungua kinywa apige kelele. Hakupiga. Kelele ndiyo ingemwua. Kama angepaza sauti, Barão, ambaye angemtambua hata kwenye kelele za dunia nzima, angenyanyua kichwa akaja kwake mbio. Kwa hiyo alifanya jambo gumu kuliko yote aliyopata kufanya: alitembea. Taratibu, mikono chini, tabasamu limegandishwa usoni, kuelekea kwenye kifo cha mtoto wa dada yake, huku kila pigo la msondo linampiga yeye mbavuni. Wanawake walipomwona wakachangamka zaidi. Wakamwimbia wimbo wa kumtania mjomba aliyekimbia kazi yake, na wapigaji wakazidisha.

Barão alikuwa analowa jasho. Pua zimetanuka, masikio yanakwenda mbele na nyuma, weupe wa macho umetokeza. Kwa watu alikuwa farasi anayecheza ngoma, na kweli mmoja alisema, mtazameni, anajua leo ni sherehe. Abdurrazaque alimfikia, akamsemesha kwa sauti ya chini, ile ya kila asubuhi, akapeleka vidole chini ya taya.

Ukagonga. Ukadondoka. Ukagonga. Ukadondoka.

Aliogopa kwa namna asiyopata kuogopa hata siku ya risasi, maana siku ile alikuwa na pa kukimbilia.

"Dada," alisema, bado anatabasamu, "nyamazisha ngoma."

"Amade yuko wapi?"

"Hakuja. Nyamazisha ngoma, Dalila. Polepole."

"Nilijua hatakuja." Macho yake yalikuwa mbele, nyumbani kwake, ambako mkeka mpya ulikuwa umeshatandikwa. "Tumebakiza kidogo. Ondoka njiani, kaka, usiniaibishe."

Hakubishana naye. Alimpita, akasimama ubavuni mwa farasi, akaegemeza bega lake chini ya goti la mtoto. Hakujua kama Atija atamsikia, wala kama atamwamini. Mwali amefundishwa asijibu, asitazame, asijitikise. Kama angekataa, ingembidi amvute, na farasi angeshtuka.

"Atija. Ni mimi mjomba. Njoo begani."

Hakumaliza hata kusema. Mtoto aliteleza kutoka juu ya farasi kwa upesi wa ajabu, akamdondokea, mikono miwili ikamkaba shingo kwa nguvu kama ya mtu anayezama. Nyonga ikapiga mlio ambao yeye mwenyewe aliusikia. Akayumba. Mguu wa Atija ulining'inia karibu na vumbi, wanawake wakaguta, Dalila akatoa mkono, lakini Abdurrazaque alijikaza, akampandisha, akasimama.

Msondo ukakatika. Watu wakatazamana.

"Haya, mume wangu!" Bi Anchia alimtania, akapunga usinga. "Leo umekuwa kijana?" Wakacheka, ngoma ikaanza tena, na msafara ukaenda.

Alitembea. Kila hatua ilimtoboa kiunoni. Na lililomtisha kuliko maumivu lilikuwa nyuma yake: kwato. Dalila kwa hasira alikuwa ameiachia hatamu, na Barão, ambaye maisha yake yote humfuata Abdurrazaque, alikuwa anamfuata. Alisikia pumzi yake kisogoni. Alijua kwamba farasi akianguka sasa, ataangukia mbele, juu yao. Hakuweza kugeuka, hakuweza kusimama, hakuweza kumfukuza. Alisogea pembeni, farasi naye akasogea pembeni. Akaharakisha, kwato nazo zikaharakisha. Akawa anasoma dua bila kujua anaisoma nusu au yote, na mikono ya Atija ilizidi kumkaba mpaka akaona nyota.

Kizingiti. Akapiga hatua ya mwisho ndani, akapiga magoti, akamweka mtoto juu ya mkeka, na nyayo zake zilikuwa safi. Vigelegele vikaitikisa nyumba. Hakuweza kuinuka. Aligeuka akamwona Barão amesimama uani, mlangoni kabisa, kichwa kimeinama, anamsubiri.

Dalila aliingia nyuma yake. Watu walikuwa wamejaa, na hakujali wanasikia. "Huyo hapo anayekufa," alisema. "Ametembea njia nzima, mzima. Umenishushia mwanangu katikati ya njia, mbele ya watu, kwa sababu ya ndoto zako. Tena ulikaribia kumwangusha. Kweli, kaka?"

Abdurrazaque alimtazama farasi. Alikuwa mzima. Kwa kitambo kile hakuona chochote cha kumtetea, na wazo likamwingia kwamba pengine dada yake amesema kweli, kwamba yale maji aliyoyasikia ni woga wake mwenyewe unaovuma masikioni. Aliona aibu. Akajaribu kusimama ili aende akamfunge.

Ndipo Barão alipoanguka.

Hakulia, hakuyumba. Alikuwa amesimama, halafu hakuwa amesimama. Ardhi ya ua ilitetemeka, masufuria ya pilau yakagongana, na shingo yake ikapiga juu ya kizingiti palepale Abdurrazaque alipokuwa amepitisha mguu. Msondo ulinyamaza wenyewe. Miguu ilitapatapa kidogo hewani, ikatulia. Hapakuwa na damu hata tone. Yote ilikuwa imemwagikia ndani.

Abdurrazaque alijikokota kwa mikono mpaka kizingitini, akaweka vidole chini ya taya, mahali alipoonyeshwa. Akaviacha hapo. Dalila alikuwa amejishika mdomo, anamtazama farasi, anautazama ule mgongo mpana mweusi uliolala ubavu, na Abdurrazaque alijua anapima kwa macho ni mtoto wa ukubwa gani angeenea chini yake. Dalila akakaa chini katikati ya watu.

Sauti ilitoka kwenye mkeka, ndani ya kanga. Ndogo, imekwaruza kwa kukaa siku nyingi bila kutumika.

"Mjomba."

Wanawake waligeuka wote. Hakuwa ametunzwa. Hakuna aliyeweka hata shanga mbele yake. Msaidizi mmoja wa kungwi alimkemea, "Sss!"

"Mjomba, kuna kitu kilikuwa kinanipiga miguuni," Atija alisema. Kanga ilikuwa inatikisika. "Toka waliponipandisha. Kinapiga, kinadondoka. Nilijua anaumwa. Nilijua ataanguka na mimi. Nilikuwa nataka kusema, na nimefundishwa nisiseme."

Yule msaidizi alitaka kumkemea tena. Bi Anchia alimzuia kwa usinga. Alikuwa amewatoa wanawali wa kijiji hiki na wa kijiji walichokaa kabla ya hiki, wakiwamo mama zao, na wote aliwafundisha neno lilelile, kunyamaza. Alipiga magoti kwa shida mbele ya mkeka, akaufunua uso wa mtoto kabla ya wakati wake.

"Sema, mwanangu," alisema. "Sema tena, kwa sauti. Mama yako asikie."